Huyu ni Wetu?

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Kalamu,

Salamu utazikuta mwishoni, nafasi ikibaki. Najua ni miaka sita sijakuandikia. Na wewe vidole havijakatika, kwa hiyo tusilaumiane.

Redio imesema serikali imekinunua kiwanda cha magari ili kisife. Watu hapa mjini walipiga makofi. Na mimi nilipiga, mpaka mtangazaji alipomalizia kwamba mawakala wa kuuza magari ya kiwanda tuko mia moja na ishirini, na tutabaki arobaini. Halafu akaitaja hiyo Kamati ya Kunusuru Kiwanda itakayochagua wa kubaki. Fundi Spana alikuwa chini ya gari, miguu nje, akasema bila kutoka: "Bosi, si ndiyo kamati anayofanyia ukarani mdogo wako?" Nikamwambia afunge boliti, si mdomo wake. Lakini usiku mzima sikulala, na sasa nakuandikia.

Unajua hali ya hapa. Kiwanja ni cha kiwanda, Baba alipewa kwa mkataba wa uwakala. Bango likishushwa, duka, karakana na vile vyumba viwili vya nyuma, vyote vinarudi kwao. Chumba kimoja ndicho anacholala Mama. Haoni tena, hata kivuli. Lakini masikio, wewe acha tu. Gari likiingia getini anasema kitandani, "Huyo klachi imekwisha," na Spana akifungua anakuta kweli. Ukimhamisha ukampeleka nyumba ya kupanga isiyosikika injini, utakuwa umemzika akiwa anapumua.

Hofu yangu unaijua, na kama huijui nakwambia. Wakati wa kampeni nilimwazima mgombea wa upinzani pikapu sita. Sikumpa kwa siasa, nilimpa kwa sababu tulikalia dawati moja shuleni na alikuwa akinipa majibu ya hesabu. Sasa kila mtu ananiita mpinzani. Na ng'ambo ya barabara yuko Bwana Suti, ana uwakala wa miaka miwili, duka lote vioo, hajui jeki na mwiko. Ni shemeji wa Mwenyekiti wa kamati yenu. Huyo analala usingizi.

Niambie tu kama jina langu limo. Usipige simu, nasikia simu za kamati zinasikilizwa. Dereva wa lori la vipuri huja huko kila wiki, mpe barua. Nitamsomea Mama kwa sauti kama kawaida. Unamjua, barua isiyosomwa kwa sauti kwake haijafika.

Kaka yako,
Wakala


Tarehe 15 Machi

Kaka,

Barua yako ina harufu ya grisi, kwa hiyo najua umeiandikia kwenye meza ya Spana. Mikono yako wewe haijawahi kunuka grisi.

Unataka kujua habari za kamati, nitakupa. Tuko ghorofa ya nane. Meza ndefu, viti vya ngozi, feni inayopeperusha karatasi. Ili zisiruke, kila mjumbe amepewa pistoni moja ya ukumbusho kutoka kiwandani, imepakwa rangi ya dhahabu. Ni watu tisa wanaoamua mambo ya magari, na karani peke yake ndiye anayejua pistoni inakaa wapi ndani ya injini. Juzi mmoja aliniuliza kama ile ni kikombe.

Mwenyekiti anasoma majina kwa sauti. Akifika kwa wakala anainua miwani na kuuliza, "Huyu ni wetu?" Mtu akiitikia kwa kichwa, jina linapita. Watu wakikohoa, basi zinatafutwa alama zake. Kwako walikohoa.

Sasa nikuambie kuhusu alama, maana hili litakuchekesha. Unazikumbuka kadi za kasoro? Utaratibu wa Baba: gari likitoka kiwandani lisiuzwe mpaka likaguliwe, na kila kosa, hata nati iliyolegea, liandikwe kwenye kadi na kadi irudishwe kiwandani. Ulidhani mawakala wote wanafanya hivyo? Wenzako huwashia jiko. Kwa miaka mitano kiwanda kimepokea kutoka kwako kadi mia nne na kumi na mbili. Kutoka kwa Bwana Suti, hata moja. Mjumbe mmoja msomi wa uchumi akachora mstari mwekundu: kadi nyingi ni malalamiko mengi, na malalamiko mengi ni wakala mbovu. Wote wakasema hapo umenena.

Je, niliwaambia kwamba kadi ni dalili ya wakala anayekagua? Sikuwaambia. Nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Na ningefungua mdomo wangeniuliza nimejuaje. Siku ya kuajiriwa nilijaza fomu yenye swali: una ndugu au jamaa miongoni mwa mawakala? Nikajibu: Sina ndugu. Wakati naandika sikuhisi kama nasema uongo.

Kadi kama hizo nilizijaza mimi tangu nina miaka kumi na moja, nimekaa juu ya tairi, Baba akinitajia kasoro toka chini ya gari. Ndiyo maana mkaniita Kalamu. Giaboksi niliweza kuifungua na kuifunga kabla wewe hujajua kubadilisha plagi. Baba alipokufa ukaniita mbele ya watu ukanipa cherehani. Ukasema mwanamke na injini wapi na wapi. Watu wakacheka, ukacheka nao.

Orodha haijakamilika. Subiri. Mimi nilisubiri.

Kwa Mama: shikamoo Mama, nakula vizuri, na ghorofani kuna lifti.

Kalamu


Tarehe 22 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako nilimsomea Mama, lakini nikawa naruka pale unaponichoma. Akaniuliza mbona barua ya Kalamu ina mashimo. Nikamwambia lori lilinyeshewa.

Kadi nimezipiga marufuku. Nilimwambia Spana kuanzia leo hakuna kujaza kadi hapa, hata gari lije halina usukani. Akanitazama kama nimetukana. Akasema, "Mzee alituambia gari bovu likiuzwa kimya, anayekufa siye aliyeuza." Nikamjibu Mzee hakuwahi kukaliwa na kamati. Nilizichukua kadi zote zilizobaki nikazitumbukiza kwenye pipa la oili chafu. Spana hajasema nami tangu Jumamosi, anapitisha maneno kwa Mama.

Kuhusu cherehani, mbona unalikuza? Ilikuwa mpya, ya kukanyaga kwa miguu, na meza yake. Kuna waliofiwa wasipate hata sindano. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndugu wote wamekaa wananiangalia, nilitakiwa nionekane mwanamume. Kama nilikosa, nilikosa. Nakuomba radhi. Nimekupigia magoti hapa nilipo, na unajua goti langu la kushoto lilivyo.

Bwana Suti amenunua kofia hamsini za chama na kuzigawa bure pale mbele ya vioo vyake. Nilichukua moja. Nimeivaa siku mbili. Watu wananicheka, kichwa changu kikubwa, kofia inakaa juu kama kifuniko cha birika. Unaona nilipofika?

Wewe uko karibu na karatasi. Neno lako moja tu. Usinifanyie mimi, mfanyie Mama.

Kaka yako anayekutegemea


Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Radhi yako nimeiona. Imekaa katikati ya sindano na goti, nusura niipite.

Usinitangulizie Mama. Miaka sita ulimweka nyuma ya ukuta, hukunitumia hata mstari kwamba haoni tena. Nimejua kwa barua ya kuomba.

Nataka kitu kimoja. Siku Baba anakata roho mlikuwa wawili tu chumbani, wewe na yeye. Mimi nilikuwa nje namwaga maji ya moto. Ulitoka ukasema, "Baba kasema karakana niichukue mimi." Nilikutazama ukakwepa macho, ukaanza kulia kwa sauti kubwa kuliko watu wote. Niandikie alichosema Baba, neno kwa neno. Usipambe, usiongeze.

Barua hiyo ikinifikia nitakwambia jina lako liko wapi. Isiponifikia, utalisikia redioni pamoja na wengine. Usikawie. Orodha iko mezani kwangu, ndiyo naichapa.

Kalamu


Tarehe 9 Aprili

Kalamu,

Nimechana karatasi tatu. Hii ya nne naimaliza.

Baba alisema: "Karakana apewe Kalamu. Wewe kaa dukani, una maneno mazuri. Mfanye kazi pamoja, usimfukuze." Alisema mara mbili, maana mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Mara ya pili alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotarajia kwa mtu anayekufa, na niliutoa kidole kimoja kimoja. Kisha nikatoka nikasema nilichosema.

Hakuna anayejua, wala Mama. Miaka sita kila Spana akitaja jina lako nahisi ameambiwa.

Haya, umeridhika? Umenivua nguo, sasa niambie kama nimo. Hapa nahesabu siku kama mfungwa. Mama ameniuliza mbona natembea ndani usiku, nikamwambia nafukuza panya.

Kaka yako


Tarehe 14 Aprili

Kaka,

Uko ndani. Nambari thelathini na nane. Nilikuweka kwa mkono wangu.

Kwa alama ulikuwa wa arobaini na tatu, nje kabisa. Aliyekuwa wa thelathini na nane ni Mama Betri, yule mjane mwenye uwakala mji wa jirani, aliyekuwa akimletea Baba betri za kuchaji. Wakati nachapa nakala safi nilibadilisha majina, lake likashuka, lako likapanda. Mwenyekiti hasomi anachosaini. Anasaini huku anatazama saa. Hakuna aliyegundua.

Na si jana. Ilisainiwa tarehe 26 Machi. Wiki nzima kabla ya ile barua yangu ya mwisho, ulikuwa umeshapona. Nilikuandikia kwamba naichapa ili uendelee kutetemeka. Nilitaka wiki chache tu, wewe ukae kwenye kiti changu, usubiri mtu mwingine aamue kama una kwenu au huna.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kweli, kwa muda wa kunywa maji glasi moja. Halafu nikamwona Baba na mkono wake, nikaiweka glasi chini. Tulikuwa na karakana moja na vichwa viwili, Kaka, tungekula vizuri wote.

Sikukuokoa kwa kukupenda. Sijui ni kwa nini. Labda nilitaka bango la Baba libaki, hata kama wewe ndiye unayekaa chini yake. Mama Betri sitaki kumfikiria sasa.

Orodha itatangazwa Ijumaa tarehe 23. Mpaka siku hiyo kaa kimya, usiende kokote, usimwambie mtu. Barua hii usimsomee Mama. Usiisome kwa sauti hata ukiwa peke yako. Ichome.

Mdogo wako


Tarehe 20 Aprili

Binti wa Mzee, Kalamu,

Ni mimi Spana, fundi. Mwandiko wangu unaujua, nisamehe. Nimeona heri uyapate kwangu kabla hujayapata gazetini.

Jumamosi Bwana Suti alivuka barabara na futi ya kupimia. Akaanza kupima dirisha letu la mbele bila hodi. Kaka yako akamuuliza vipi. Akajibu, "Wewe umekatwa, pikapu zako sita zimekuponza. Shemeji yangu kaniambia." Mimi naamini hakuambiwa chochote, ni mtu wa kujisifu. Lakini kaka yako alikuwa hajalala wiki tatu. Alivua ile kofia akaitupa barabarani, akaenda kuwapigia simu waandishi wa habari.

Jumatatu wakaja watatu, mmoja na kamera. Kaka yako akawapa ile barua yako ya Machi, yenye maneno ya Mwenyekiti, "Huyu ni wetu?" Nilimshika mkono, nikamwambia bosi, hiyo itamuua mtoto. Akasema, "Yeye ameniacha nife kwanza." Waandishi wakaipiga picha kurasa zote mbili. Wakafurahi sana, mmoja alinipa sigara.

Mama alikuwa amekaa pale mlangoni, kwenye kile kiti cha gari alichowekewa na Mzee. Basi hapo lori la vipuri likaingia. Lilitakiwa lifike Ijumaa, ekseli ikakatika njiani. Dereva akashuka, akasema mbele ya watu wote, "Barua ya mdogo wako hii hapa." Mama akaruka na neno: "Ya Kalamu? Soma, mwanangu, nisikie." Na waandishi nao wakasema soma, mzee, kumbe kuna ushahidi mwingine.

Kaka yako unajua anavyosoma. Ni kama mtu anayesukuma gari lililozima, akishaanza hasimami, na akili yake inakuja nyuma. Alisoma kwa sauti ya mkutano. Uko ndani. Nambari thelathini na nane. Nilikuweka kwa mkono wangu. Akaendelea. Alipofika kwa Mama Betri ndipo sauti ikaanza kupungua, lakini waandishi walikuwa wameshaandika, na mwenye kamera alikuwa amesimama mgongoni kwake.

Mama ndiye aliyesema, kwa furaha kabisa: "Mtoto mzuri huyo. Kamuokoa kaka yake." Na hilo wakaliandika.

Barua niliimalizia kuisoma mimi, baadaye. Onyo lako la kutosoma kwa sauti uliliweka mwisho, Kalamu. Mzee angekwambia alama ya hatari inawekwa kabla ya kona.

Nilitoa kadi nane kwenye pipa la oili, nikazianika. Zinasomeka.

Spana


Tarehe 18 Mei

Kaka,

Hujaniandikia, kwa hiyo nakuandikia mimi, kwa mara ya mwisho nikiwa kwenye nyumba ya serikali.

Tume ya uchunguzi imemaliza kazi kwa siku mbili. Uliwashtaki kwa upendeleo, wakauchunguza upendeleo, wakaupata. Katika majina arobaini walithibitisha mmoja tu. Wewe.

Mwenyekiti alikuja amevaa tai nyeusi. Akasema amesikitika sana, alimwamini karani wake kama mwanawe. Nikawaambia kuhusu "Huyu ni wetu?" Wakauliza limeandikwa wapi. Wakafungua kumbukumbu za vikao, zote kwa mwandiko wangu, na neno hilo halimo hata mahali pamoja, maana siku ya kwanza aliniagiza nisiandike mizaha. Nilikuwa karani mzuri, niliyaacha yote. Kwa Bwana Suti walitazama alama: kadi za kasoro, hakuna. Wakala bora wa mkoa. Ile fomu yangu ya "Sina ndugu" walinisomea kwa sauti na wewe ukiwa umekaa benchi la nyuma. Nilikuona. Ulikuwa unatazama viatu.

Walikuuliza swali moja tu, je, ulimwomba dada yako akuweke? Ukajibu, "Hapana, alifanya mwenyewe." Ulijibu haraka sana.

Nafasi ya thelathini na nane haikurudi kwa Mama Betri. Walisema kupanga upya kutachelewesha mambo. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasimama akaendelea kushusha betri zake kwenye rafu, moja moja. Nilikaa nikamsaidia kushusha. Hakunizuia wala hakunishukuru.

Kazi nimefukuzwa, na popote penye muhuri wa serikali sitaajiriwa tena. Nyumba natakiwa niiache mwisho wa mwezi. Nina sanduku moja na ile cherehani, sikuwahi kuiuza, iko kando ya kitanda. Nakuja nyumbani. Hata kama bango limeshuka, najua mkataba unawapa miezi mitatu ya kuhama. Nitalala na Mama. Mimi na Spana tunaweza kufungua gereji popote, hata chini ya turubai, na wewe ukae mbele uwaongeleshe watu kama Baba alivyotaka. Yale uliyoniandikia Aprili sitayasema kwa mtu.

Lori linakuja huku Jumamosi ya tarehe 12 Juni. Nitapanda nalo. Mwambie Mama.

Kalamu


Tarehe 6 Juni

Kalamu,

Usipande lori.

Mambo yamekwenda upesi. Nafasi yangu amepewa Bwana Suti, iwe tawi lake la pili. Jengo ni hilihili. Alikuja na bango jipya, na mafundi wake hawakujua ngazi inasimamishwa vipi, nikawashikia mimi.

Amenipa kazi ya kuuza. Alisema nina maneno mazuri. Vyumba vya nyuma ameniachia kwa muda wote nitakaokuwa mwajiriwa. Mama hajui kitu. Injini anazisikia palepale, geti linalia vilevile, kwake hakuna kilichobadilika. Kofia navaa, nimeipanua kidogo nyuma kwa wembe, sasa inaingia.

Spana ameondoka. Aliambiwa hakuna kadi, akajaza moja, akampelekea Bwana Suti mezani. Walimpa dakika kumi za kukusanya zana. Nasikia yuko kwa Mama Betri. Juzi niliuza gari la familia, baba, mama na watoto watatu. Lilipokuwa linatoka getini Mama akasema, "Breki ya nyuma ya huyo inalia." Nikamwambia ni masikio yake, amezeeka.

Usidhani nimesahau. Ulikuwa na wiki tatu za kuniambia neno moja, ukanitazama nikigaragara. Ungelisema siku ile ya kwanza, nisingeita mwandishi hata mmoja. Na mimi ningetimiza neno la Baba, usingekuwa na sababu ya kunyamaza. Nalijua hilo, huna haja ya kuja kuniambia uso kwa uso.

Kabla ya kuanza kazi nilipewa fomu. Ni ileile ya kwenu, wamebadilisha kichwa tu. Una ndugu au jamaa aliyehusika na kosa la orodha? Bwana Suti alikuwa amesimama nyuma yangu, na alijua jibu, alitaka aone nitaandika nini. Nikaandika: Sina ndugu. Akasema sawa, kesho saa mbili. Kwa hiyo unaelewa. Ukionekana hapa na sanduku lako, mimi na Mama tunalala nje siku hiyohiyo.

Barua yako ilipofika Mama alisikia lori. Akaniita, "Ya Kalamu? Soma, nisikie." Nikakaa karibu yake nikaikunjua, nikamsomea nyingine, niliyokuwa natunga palepale huku natazama karatasi. Nikasoma kwamba umepandishwa cheo, umepelekwa nchi ya mbali kufundisha makarani, hutarudi miaka mingi, na kwamba una gari lako mwenyewe. Akauliza ni la kiwanda chetu? Nikasoma kwamba ndiyo, ni la kiwanda chetu.

Alifurahi sana. Akasema barua hii haina mashimo. Akaniomba niisome tena, nikaisoma.

Muuzaji,
Tawi la Pili